Hodan Alikubali

Mwalimu wenu wa chuo alinipigia simu kwa heshima zote akaniomba nije niwazungumzie sheria na maadili ya uuguzi. "Eedo Safiya," aliniambia, yaani shangazi, "njoo uwape watoto neno moja mawili, halafu tunywe chai." Nikaja. Mliokuwepo mnakumbuka. Mlinipigia makofi kabla sijafungua mdomo, mkanipa kiti chenye mto, na nilipokaribia pale nilipotaka kufika, mwalimu akatazama saa na kusema mgeni wa mambo ya bima ameshafika. Chai ilikuwa nzuri. Neno lenyewe nikarudi nalo nyumbani.

Basi naliandika. Asiye na muda wa kusoma, chai bado ipo.

Najua mmefundishwa kwamba kuna idhini, kuna siri ya mgonjwa, kuna uzembe, kuna wajibu. Mnayakariri mkingoja mtihani. Mimi pia niliyakariri, tena nikapita vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba maneno hayo yana watu ndani yake, na kwamba watu hao wana wakwe.

Nianze na siri, maana hapa Garissa siri ni ngumu kuliko kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji. Ukimtibu mtu mmoja umetibu ukoo mzima, na ukoo mzima utataka kujua umemkuta na nini. Aliyenifundisha wodi, Sista Hadija, alikuwa Mpokomo wa huku mtoni, na Kisomali alikijua mpaka mafumbo yake. Aliniambia hivi wiki yangu ya kwanza: "Ukiulizwa habari za mgonjwa, usiseme hujui, kwa sababu unajua na wao wanajua kwamba unajua. Usiseme huruhusiwi kusema, kwa sababu hapo umeshawaambia kuna jambo. Uliza habari za mvua."

Nilidhani ananitania. Muda si mrefu nikaalikwa arusi, na mama mmoja mwenye mwana aliyeoa karibuni akanisogezea kipande cha nundu ya ngamia, kipande ambacho muuguzi wa mshahara wangu hakipati bure. Nikajua kinachokuja. Akainama sikioni: "Abaayo, dada yangu, yule mke wa mwanangu anakuja kwenu kila mara. Ana nini?" Nikatafuna, nikameza, nikamuuliza kama mvua imenyesha Sangailu. Yule mama alizungumzia mvua ya Sangailu, na ya jirani zake, na mabwawa yaliyokauka, na ng'ombe wa kakake, mpaka nundu ikaisha na wapishi wakaja kuchukua sinia. Kwetu hakuna mtu anayeweza kuulizwa habari za mvua akajibu kwa neno moja.

Nyinyi mnacheka. Lakini nyinyi ndio mnaompiga mgonjwa picha ya kidonda, mnaitupa kwenye kundi la WhatsApp mkiandika "wenzangu, hii mnaionaje," na uso wake uko nusu kwenye picha. Kabla hamjamaliza kufunga bandeji, shangazi yake aliyeko Eastleigh ameshaiona. Nilimkanya kijana mmoja wa mazoezi, akanijibu, "Eedo, si nimeficha jina?" Jina! Hapa watu wanatambuana kwa kisigino.

Kwa hiyo, kabla sijaingia kwenye kisa chenyewe, jueni kwamba majina nimeyageuza na miji nimeigeuza. Nikisema Kotile, basi siyo Kotile. Nikisema Tarbaj, msiende Tarbaj kuuliza. Mwenye kisa ameniruhusu nikiseme kwenu, na mwisho nitawaambia ameniruhusu vipi.

Lazima kwanza mjue desturi ya kidole, kwa sababu haimo kwenye vitabu vyenu.

Sheria ya nchi hii ni nyepesi kueleweka. Mtu mzima mwenye akili zake anaelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, anaelezwa tiba na hatari zake, kisha yeye mwenyewe anasema ndiyo au hapana. Akiwa mwanamke, ni yeye vilevile. Hakuna mahali sheria inaposema mume wake, wala baba mkwe, wala wazee wa upande wowote. Lakini hospitalini kwetu, mama akihitaji kupasuliwa ili mtoto atoke, kilichosubiriwa ni kidole cha mwanamume, alama yake ya wino kwenye fomu ya idhini. Kidole cha mama mwenyewe kilikuwa cha kukamilisha fomu tu.

Desturi hiyo haikuandikwa popote. Ilizaliwa siku moja, mama mmoja alipopasuliwa mumewe akiwa mnadani kuuza mbuzi. Mume akarudi, akaja na jamaa zake getini, kukawa na kelele. Wazee wakaketi na mkubwa wa hospitali, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo mwenyewe, yaani mume, atasubiriwa. Mama na mtoto walikuwa wazima wodini, wanapiga miayo. Hilo halikuzungumzwa.

Msinielewe vibaya. Mimi ni wa hapa, wazee hao ni baba zangu, na hofu yao haikutoka hewani. Mwanamke mwenye kovu la kisu akishika mimba nyingine kule malishoni, mbali na barabara, anaweza kufa, na wao wamewazika wa namna hiyo. Walichoogopa kilikuwa cha kweli. Ninachokataa ni kwamba waliogopa kwa niaba ya mtu aliyekuwa palepale, hai, mwenye mdomo.

Na mdomo wenyewe tuliuziba kwa tafsiri. Madaktari wengi walitoka ng'ambo ya daraja, kule ambako tukienda sisi tunasema "nimekwenda Kenya," na Kisomali hawakijui. Daktari anauliza mgonjwa swali. Shemeji anaeleza kwa kirefu, mgonjwa anajibu kwa kirefu, anajipigapiga kifua, analia kidogo. Daktari anamgeukia shemeji: "Amesema nini?" Shemeji anasema, "Amesema sawa." Nimeyaona haya mara nyingi mno, na mara nyingi niliingilia, na kila nilipoingilia niliitwa mwanamke mwenye kiherehere. Sawa. Kiherehere kimeokoa watu.

Sasa Hodan.

Aliletwa na ambulansi kutoka Kotile kabla ya adhuhuri, matope yamepanda mpaka madirishani, maana njia ya kule mvua ikinyesha haina rafiki. Alikuwa na mabinti wawili nyumbani, hii ilikuwa mimba ya tatu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Nilipomfunua nikaona mkono mdogo umetangulia kutoka. Mtoto alikuwa amelala kombo. Mtoto wa namna hiyo hatoki njia ya kawaida hata ukimbembeleza mpaka kesho, na kila uchungu unaopita unakivuta kizazi kama kitambaa kinachokaribia kuchanika.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mikono yake safi kwa kazi. Alimpima akasema, "Sista, huyu ni thieta, apasuliwe sasa hivi." Akaagiza damu, nikamtundikia maji, nikamwekea mpira wa mkojo. Kisha nikakaa karibu na kichwa cha Hodan nikamweleza kwa lugha yetu kila kitu, kisu kitapita wapi, usingizi utakuwaje, hatari ni zipi.

Hapa mnisikilize, kwa sababu hili halifundishwi vizuri. Ukimaliza kueleza usimuulize mgonjwa kama ameelewa. Kila mtu husema ameelewa. Mwambie akurudishie kwa maneno yake. Nikamwambia Hodan, "Niambie tutakufanya nini." Uchungu ukapita, akavuta pumzi, akasema: "Mtanilaza, mtanipasua hapa, mtamtoa mtoto, mtanishona. Naweza kufa. Mkiniacha hivi nitakufa naye. Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi haa, ndiyo. Nipasueni, Eedo."

Akatia kidole chake. Wino ulimchafua mpaka kwenye kiganja. Kisheria, wanangu, kazi ya idhini iliishia hapo.

Nje ya pazia alikuwepo baba mkwe wake, nitamwita Mzee Abdi. Mume, Yusuf, alikuwa Tarbaj na ngamia wa kuuza, simu yake imezimwa au iko pasipo na mtandao. Daktari alipotoka kumweleza mzee, mzee alimsikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Daktari, sisi hatukatai. Sisi nasubiri mwenyewe. Mwenyewe iko Tarbaj. Bibi ya mtu huwezi basua kama yeye hajui."

"Mzee, mama mwenyewe amekubali."

"Huyo iko na uchungu. Mtu na uchungu nakubali kila kitu."

Nikatoka nikamwambia kwa Kisomali, "Adeer, ami yangu, ukisubiri, utazika." Akaniita adeer vilevile, kama wazee wetu wanavyowarudishia wadogo jina lao, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Adeer, mwanangu akirudi akimkuta amekatwa na hatazaa tena, nitamwambia nini? Ngojeni kidogo. Anapatikana sasa hivi."

Daktari akampigia mkubwa wa hospitali. Nilisimama karibu, nikamsikia mkubwa kwenye simu: "Mnajua makubaliano yetu na wazee. Subirini kidogo." Nikamwambia daktari, "Mimi ni shahidi. Nimemweleza, ameelewa, amekubali. Ingia naye ndani, na kama kuna kesi nitasimama nawe." Akanitazama kwa macho mekundu. "Sista, wewe uko kwenu hapa. Mimi hapa nina nani? Wakija getini, huyo mkubwa atasema alinikataza." Na alisema kweli. Ndiyo maana sikuwahi kumchukia vizuri.

Tukasubiri.

Zamani tulisikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe. Unakibana kati ya sikio lako na tumbo la mama, na unachosikia unakisikia peke yako. Siku hizo tayari tulikuwa na kile kimashine chenye spika, kinachotoa moyo wa mtoto nje ukasikika chumba kizima. Mimi nilikipenda, kwa sababu akina mama wakisikia wanatabasamu. Siku ile nilikichukia. Kilipiga, kilipiga, na pazia ni nguo tu. Mzee Abdi akauliza kutoka nje, "Hiyo sauti ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni mjukuu wako."

Nikasikia akibonyeza simu tena, na yule mwanamke wa kwenye mtambo akimwambia tena kwamba mteja hapatikani.

Alasiri ikaingia, ikapita. Moyo ukaanza kuchelewa. Nikaenda kwa daktari, akapiga simu, mkubwa akasema yuko mkutanoni na wazee wameahidi jibu. Niliporudi kitandani, Hodan alikuwa ametulia, uso umelegea, jasho limemkauka. Akaniambia, karibu kwa furaha, "Eedo, uchungu umekwisha."

Shikeni hili hata kama mtasahau mengine yote. Mama aliyekuwa kwenye uchungu mkali akikwambia ghafla umekwisha, na mtoto hajazaliwa, usimshukuru Mungu pamoja naye. Kimbia. Kizazi kimepasuka.

Nilipiga kelele na daktari akaja mbio. Tulikisukuma kitanda chake wenyewe, na hakuna aliyeuliza tena kidole cha nani. Sheria inakuruhusu kumpasua anayekufa bila ruhusa ya yeyote, na kila mtu pale hospitalini, kuanzia mkubwa, alikuwa anaifahamu sheria hiyo vizuri sana. Kwa hiyo mwanamke aliyekubali alisubirishwa mpaka akafikia hali ya kutohitaji kukubali. Mtoto alitolewa amekufa. Alikuwa wa kiume. Kizazi hakikuweza kushonwa, daktari akakitoa kuokoa maisha yake. Mzee aliogopa kisu kitamnyima uzazi, na kusubiri ndiko kulikomnyima.

Hodan akapona. Tunasema hivyo.

Yusuf alifika baadaye, ana vumbi mpaka kwenye kope, akaipita wodi nzima akiangalia kila kitanda. Alipokelewa ofisini na mkubwa, pamoja na daktari na baba yake. Mimi sikuitwa. Nilitumwa kuhesabu shuka, kazi ambayo hospitali yetu huikumbuka ghafla inapotaka mtu awe mahali pengine. Yaliyosemwa nilielezwa na daktari mwenyewe, tukiwa tunanawa mikono, na alinieleza huku maji yakimwagika bila yeye kunawa.

Yusuf aliuliza, "Mlimsubiri nani? Nani aliwaambia mimi ningekataa? Mngenipata ningesema pasueni kabla hamjamaliza kuuliza."

Kisha mkubwa akajibu kwa upole: "Pole sana, ndugu yangu. Mama mwenyewe alikataa. Na sheria inatukataza kumpasua mtu mzima aliyekataa. Ni haki yake."

Mzee Abdi alikuwa anatazama ncha ya bakora yake. Hakusema ndiyo wala hapana.

Niliingia ofisi ya mkubwa bila kubisha. Sikuketi. Nikamwambia, "Umemsingizia mgonjwa wangu."

"Funga mlango, Safiya."

"Alikubali. Kidole chake kiko kwenye faili."

"Na ungetaka niseme nini? Niseme ni babake? Baba na mwana washikane koo ndani ya hospitali yangu? Niseme ni mimi?" Alipumua. "Hivi nilivyosema, hakuna wa kulaumiwa. Mgonjwa amekataa, imekuwa qadari, watu wanakwenda nyumbani kwa amani."

Kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake, hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akiitaja haki ya mgonjwa. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nimechoka, nikapumzike. Fomu ile hakuichana. Ilibaki palepale kwenye faili kwa sababu alijua hakuna atakayeiomba.

Nilitaka kwenda moja kwa moja kwa Yusuf. Alikuwa uani amechutama karibu na bomba, na ingenichukua sentensi moja tu. Lakini nikakumbuka nilichofundishwa. Habari ilikuwa ya Hodan. Yeye ndiye mgonjwa wangu, Yusuf siye. Nikaenda wodini kuomba ruhusa.

Alikuwa amelala ubavu, macho yako ukutani. Yusuf alikuwa ameshafika kwake kabla yangu. "Aliniuliza kwa nini nilikataa," akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Babake alikuwa nyuma yake. Nilimtazama. Akaangalia chini. Nikanyamaza."

Nikamwambia, kwa hasira ambayo haikumhusu yeye, "Nipe ruhusa nimwambie mumeo kweli. Sasa hivi. Mbele ya babake."

Akanigeukia kutoka ukutani. Kisha akasema, "Nikisema nilikubali, atauliza nani alikataa. Yusuf ni mwana wa pekee wa mzee, hatamsamehe babake. Nimepoteza mtoto, nimepoteza kizazi. Nikivunja na boma, mabinti zangu watakaa wapi?"

"Lakini ni haki yako kusema, Hodan."

"Kusema ni haki yangu?"

"Ndiyo."

"Na kutosema?"

Nilitafuta njia ya kumzunguka. Haikuwepo. "Na kutosema pia," nikamjibu.

"Basi usiseme, Eedo."

Nikakubali. Siku ile alisema ndiyo, na daktari, mkubwa, mzee na hospitali nzima hawakumsikiliza. Sasa alikuwa amesema hapana, na mtu wa kumsikiliza nilikuwa mimi. Nilitoka pale nikalia kwenye chumba cha ndoo na fagio, siyo kwa huruma tu. Nililia kwa hasira.

Kuhusu desturi ya kidole nililalamika ngazi za juu, bila kutaja jina la mgonjwa. Nilijibiwa kwa uhamisho. Nilimalizia miaka yangu kwenye stoo, nikitoa pamba na glavu kwa dirisha dogo. Siku ya kustaafu walinipa blanketi na chupa ya chai, na mkubwa akatoa hotuba ndefu juu ya uaminifu wangu. Blanketi nimempa mtu. Chupa ninayo, haishiki joto.

Mtaniambia mambo yamebadilika. Wapo wazee siku hizi wanaosema mapema, mama akikubali msitungoje, na nimewasikia kwa masikio yangu, Alhamdulillah. Wapo madaktari wa kwetu wanaosema na mgonjwa bila shemeji katikati. Lakini desturi ile haikuwahi kufutwa, kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Inasubiri daktari mwoga na mkubwa mwenye mkutano. Siku hiyo mtakuwa zamu nyinyi. Msimame karibu na kichwa cha mama, mumsikilize yeye, na alichosema mkiseme kwa sauti mbele ya watu wengi kadiri mnavyoweza, palepale, kabla hakijageuzwa. Mkinyamazishwa semeni tena. Mtahamishiwa stoo. Stoo siyo kaburi.

Hodan nakutana naye sokoni, anauza maziwa ya ngamia. Yusuf ameoa mke wa pili, ambaye amemzalia wavulana. Majirani wakimtaja Hodan wanasema "yule aliyekataa kisu," siyo kwa ubaya, ni jina tu sasa. Mzee Abdi amezeeka, haoni vizuri, na anayempikia uji, kumwekea maji ya udhu na kumshika mkono mpaka msalani ni Hodan. Nilimuuliza kama mzee amewahi kumwambia neno. Akasema hapana, lakini siku hizi akishikwa mkono anaubana kidogo kabla ya kuuachia.

Mwalimu wenu aliponialika, nilikwenda kwanza kwa Hodan. Nikamwambia ninaalikwa kusema na wauguzi wachanga, na ninataka kuwaambia kisa chake, nikigeuza majina. Alikuwa anamimina maziwa, hakuacha kumimina.

"Waambie," akasema. "Waambie nilikubali. Yusuf usimwambie."

Na Yusuf pia nakutana naye. Ni mtu mwema, huo ndio ubaya wake. Wiki iliyopita tu tulikutana tukijikinga na jua mbele ya duka la dawa, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili kama mtoto wangu. Akaniambia, "Eedo, kila nikikuona nataka kukuomba radhi. Najua siku ile ulimbembeleza sana. Mke wangu ni mkaidi, lakini nilishamsamehe."

Nikamwambia amina. Kisha nikamuuliza kama mvua imenyesha Tarbaj.